Nyumba ya Kupanga kule Misisi

Nyumba ya mfanyakazi ni mzigo wa nani? Katika historia ya Kongo tunaona majibu matatu.

La kwanza ni kompanyi. Kule Kamituga, wakati wa Wabelgiji, kompanyi ya zahabu ilijenga makambi. Lakini aliyepoteza kazi alipoteza na nyumba.

La pili ni Serikali. Mwaka 1952 iliunda ofisi iliyoitwa OCA, ikajenga maelfu ya nyumba mijini, kama Bagira kule Bukavu, watu wakazilipa kidogo kidogo. Baada ya 1960 kazi hiyo ilififia.

La tatu ni jirani. Misisi, katika teritware ya Fizi, imekua kwa zahabu ya wachimbaji wadogo, nao hupanga chumba kwa mwenye kiwanja, mara nyingi kwa mapatano ya mdomo. Zahabu ikikosekana, kodi nayo hukosekana, na mpangaji hutolewa.

Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 yakataza garanti kupita kodi ya miezi mitatu. Lakini palipo maneno matupu, maskini ataonyesha nini? Basi mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi. Kupangisha si dhambi. Kumnyonya mgeni ndiyo dhambi.