Mifarishi Iliyovuka Atlantiki

Ugeuze mfarishi upande wa nyuma. Pembeni, ikiwa hakijang'oka kwa miaka mingi ya kufuliwa, utakuta kipande cha kitambaa kisichozidi vidole viwili vitatu, chenye alama ya msalaba na maneno machache: zawadi ya Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kanada. Basi. Jina la aliyeushona hakuna, wala la mtoto aliyefunikwa nao.

Mfarishi, kwa aliyekulia blanketi za dukani, ni tabaka tatu. Juu viraka vilivyoungwa, katikati kitu cha kuleta joto, chini bitana, kisha vyote hupitishwa uzi vishikamane. Wanawake wa vijijini Kanada walikuwa na kazi hiyo tangu zamani, na waliifanya kwa pamoja. Fremu ya mbao hulazwa kama meza, mfarishi ukakazwa juu yake, na kina mama wakauzunguka, kila mmoja na sindano yake. Habari za kijiji nazo humo humo.

Kwa hiyo Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939 hakuna aliyehitaji kufundishwa. Vikundi vilikuwepo: vya makanisa, vya mitaa, na vile vya Women's Institute, chama kilichozaliwa Stoney Creek, Ontario, mwaka 1897 na kuvuka hadi Uingereza mwaka 1915. Msalaba Mwekundu ulikusanya, ukafunga marobota, ukapakia melini.

Huko Uingereza yalikokwenda marobota hayo hali ilikuwa mbaya. Siku chache za Septemba 1939 watu wapatao milioni moja na nusu, wengi wao watoto, walihamishwa kutoka miji ya Uingereza na kupelekwa mashambani. Mwaka uliofuata, kuanzia Septemba 7, London ikawa inapigwa mabomu karibu kila usiku kwa wiki nyingi. Familia zilitoka kwenye vifusi na nguo za mwilini tu. Ilipofika Juni 1941 nguo zikaanza kununuliwa kwa kuponi, na aliyepoteza kila kitu hakuwa na pa kuanzia. Kina mama wa kujitolea wa WVS, jumuiya iliyoundwa mwaka 1938, ndio waliogawa mifarishi mingi kwa waliobomolewa nyumba. Mingine ilikwenda hospitalini na kwenye vituo vya kulelea watoto.

Tusidhani ilikuwa mifarishi ya maonyesho. Ipo michache iliyopangwa kwa ustadi, nyota na majani, lakini mingi ilishonwa kwa haraka kutokana na kilichopatikana: magauni yaliyochakaa, sampuli za vitambaa vya suti, mifuko ya nguo iliyokuja na unga au sukari. Katikati mingine iliwekwa blanketi kuukuu. Pasipokuwa na muda wa kushona mistari yote, walifunga mafundo ya uzi hapa na pale, yakatosha. Mimi naipenda zaidi hiyo ya mafundo, maana inaonyesha mtu aliyekuwa na haraka ya kumfunika mwenziwe. Inakadiriwa kuwa mifarishi karibu 400,000 ilipelekwa, mingi ikivuka bahari iliyojaa nyambizi za Kijerumani.

Nusu karne baadaye desturi hiyo ya kumfunika mtu usiyemjua ilipata mlango mwingine. Mkesha wa Krismasi mwaka 1995, Karen Loucks wa Colorado, Marekani, alisoma gazetini habari za mtoto mwenye saratani ya damu ambaye blanketi lake lilimfariji wakati wa matibabu. Akaanza kuwatengenezea blanketi watoto wa kituo cha saratani cha Denver. Akauita mpango huo Project Linus, kwa jina la yule mtoto wa katuni za Charles Schulz asiyeachana na blanketi lake. Leo blanketi na mifarishi iliyotolewa inahesabiwa kwa mamilioni. Sharti ni kwamba iwe mipya, imetengenezwa kwa mkono, na inafulika. Hapa pia mshonaji kwa kawaida hamjui mtoto.

Ile ya Kanada iliyobaki ni michache. Baadhi inatunzwa kwenye makumbusho, lakini mingi ilitumika mpaka ikaisha, na mingine iliishia kuwa matandiko ya mbwa.