Usipuuze mguu ulioteguka uwanjani

SI ajabu katika viwanja vyetu vya mashinani kumwona mchezaji akikanyaga shimo na kuanguka akiwa ameushika mguu. Wenzake humkimbilia, wakauvuta na kuunyosha, na mmoja akaukanda kwa mafuta moto. Dakika chache baadaye hurejea mchezoni akichechemea.

Wanaofanya hivyo huwa na nia njema, lakini mara nyingi huzidisha jeraha. Kukanda na kutia joto mapema huongeza uvimbe, na mfupa uliovunjika huweza kuhama ukivutwa.

Jeraha la kawaida zaidi ni kuteguka kifundo cha mguu. Wayo hupinda kwa ndani, nazo kano zinazoshikilia mifupa upande wa nje zikavutika au kukatika. Kano zikivutika tu, mchezaji hupata nafuu baada ya wiki moja au mbili. Zikikatika kabisa, huenda akahitaji miezi mitatu au zaidi.

Je, utajuaje kama ni mfupa uliovunjika? Mnamo 1992, madaktari wa Ottawa nchini Kanada walichapisha kanuni ambazo hadi leo hutumiwa kote duniani. Mtu mzima aliyeumia anahitaji picha ya eksirei iwapo hawezi kupiga hatua nne, pale alipoumia na hata anapofika hospitalini. Anaihitaji pia iwapo anahisi uchungu anapobonyezwa kwenye ncha au ukingo wa nyuma wa mojawapo ya mifupa miwili iliyotokeza kando ya kifundo. Vivyo hivyo, iwapo uchungu uko kwenye ukingo wa nje wa wayo, kwenye shina la mfupa unaoelekea kidole kidogo, au upande wa ndani, juu ya kiganja cha mguu, picha ni lazima.

Mguu uliopinda, uliokufa ganzi, au uliogeuka baridi na kukosa rangi usingoje kesho. Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja.

Huduma ya kwanza ni rahisi. Mchezaji aondoke uwanjani, auinue mguu juu ya mto na kuufunga bendeji isiyobana mno. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa iwekwe kwa dakika 10 hadi 20, kisha iondolewe; isigusane na ngozi. Hata hivyo, barafu ni ya kutuliza uchungu tu. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza matumizi yake mnamo 1978, alikiri mwaka wa 2014 kuwa huenda ikachelewesha kupona. Kulala kitandani kwa majuma mengi pia hakufai. Baada ya siku chache, mguu ulioteguka uanze kutumiwa polepole kadiri uchungu unavyoruhusu.

Jeraha la pili ni kukatika kwa ukano wa kisigino, unaojulikana pia kama ukano wa Akilisi. Mchezaji husikia kishindo, akadhani amepigwa teke kwa nyuma. Daktari humlaza kifudifudi na kuminya shavu la mguu. Wayo usiposogea, ukano umekatika. Tiba ni upasuaji au kufungwa plasta, na kungoja huchukua miezi mingi. David Beckham, aliyeumia hivyo Machi 2010 akiichezea AC Milan, alikosa fainali za Kombe la Dunia nchini Afrika Kusini.

Wanariadha wa mbio ndefu wanakabiliwa na adui mwingine: ufa mwembamba kwenye mfupa unaotokana na kukimbia kupita kiasi bila kupumzika. Hakuna kuanguka wala kishindo. Uchungu huanza wakati wa mazoezi, ukaisha ukipumzika, kisha ukarudi mapema zaidi kila siku. Picha ya eksirei huenda isionyeshe chochote katika wiki mbili au tatu za kwanza. Kwa hivyo, picha safi si ruhusa ya kukimbia. Mara nyingi mwanariadha hupumzika kwa wiki sita hadi nane, na ufa ulio juu ya kiganja cha mguu huhitaji plasta bila kuukanyagia mguu.

Kosa kubwa zaidi huja mwishoni. Uvimbe ukipungua, kocha humwita mchezaji kwa sababu mechi ijayo ni muhimu. Kifundo kilichowahi kuteguka ni rahisi kuteguka tena, na kikizoea hivyo hulegea. Kabla ya kurejea, mchezaji aweze kusimama kwa mguu huo pekee, kuruka juu yake na kukata kona kwa kasi bila uchungu. Zoezi la kusimama kwa mguu mmoja kila siku ni la bure, na limethibitishwa kupunguza majeraha ya kujirudia.

Mechi moja ikikosekana, zitakuja nyingine. Kifundo kikiharibika, hakina badala.