Mbiru: Kumbukumbu ya Wapare

Tarehe 27 Januari 1945 jeshi la Umoja wa Kisovyeti lilifungua milango ya kambi ya Auschwitz, na wachache waliookoka humo wakatoka na wajibu mzito wa kuwasemea wenzao waliouawa. Wengi wao waliutimiza hata uzeeni, wakiwasimulia vijana bila ujira. Mauaji yale hayana mfano, wala si haki kuyalinganisha na taabu nyingine. Lakini wajibu wa kukumbuka ni wa watu wote, na katika Milima ya Upare uliwaangukia walioyaona mambo ya mwaka ule ule.

Chini ya utawala wa Kiingereza, juu ya kodi ya kichwa, Wapare waliongezewa kodi nyingine iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Ikaitwa mbiru, jina la ushuru wa kale waliotoa kwa wakubwa wao. Jina lilikuwa la nyumbani, bali jambo lilikuwa geni: mtu alipimiwa mali yake kwa macho ya mwingine, na makadirio hayo yakawa deni. Watu hawakukataa kulipa kodi, walikataa kukadiriwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya wanaume wakateremka hadi Same, makao ya wilaya, wakakaa huko miezi mingi. Baadhi ya viongozi wakahamishwa, wala watu hawakulegea. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi wakamkabili mkuu wa wilaya, wakamwambia ama awarudishie waume zao, ama awe yeye mume wa wote. Hatimaye makadirio yakaondolewa.

Uvumilivu huo haukuzuka Same. Tangu zamani Wapare wana msaragambo, yaani kazi ya wote ifanywayo bila malipo, kama kuchimba mfereji au kuzoa tope katika ndiva, bwawa la kuhifadhia maji ya mashamba. Aliyezoea kutoa siku yake kwa ajili ya maji ya jirani hakuona ajabu kutoa miezi kwa ajili ya haki ya jirani.

Kumbukumbu nayo huhitaji watu wa kujitolea. Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, aliwasikiliza wazee, akachapisha historia ya siasa ya Wapare mwaka 1969, na maandishi juu ya Mbiru yenyewe mwaka 1971. Miaka 20 baadaye, mwaka 1991, akairudia habari hiyo katika kitabu kingine.

Aliyekuwa kijana wa miaka 20 kule Same mwaka 1945, leo angekuwa amepita miaka 100. Kwa hiyo kazi imewafikia wajukuu. Ndiva isipozolewa tope hukauka hata kama mvua zinanyesha. Na habari za Mbiru, zisiposimuliwa na kuandikwa nyumba kwa nyumba, litabaki jina la kodi tu, bila watu walioishinda.