Wikipedia na wachangiaji wasiojitambulisha

Wikipedia ilipoanzishwa Januari 15, 2001, iliruhusu mtu yeyote kuhariri makala bila kujisajili. Pale ambapo lingekaa jina lake ilionekana anwani ya IP, yaani namba za mtandao alioutumia.

Mwaka 2005 ruhusa hiyo ilileta msiba. Mwezi Mei, mtu asiyejulikana aliandika kwamba mwanahabari mkongwe wa Marekani, John Seigenthaler, aliwahi kudhaniwa kuhusika na mauaji ya Rais John Kennedy na mdogo wake Robert. Ulikuwa uzushi mtupu. Seigenthaler alikuwa msaidizi wa Robert, na alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Uongo huo ulidumu miezi minne. Novemba, mzee huyo wa miaka 78 alieleza uchungu wake katika gazeti la USA Today, na Desemba Wikipedia ya Kiingereza ikawazuia wasio na akaunti kuanzisha makala mpya. Kuhariri zilizokuwepo hawakukatazwa.

Hata hivyo, mzushi alinaswa kupitia anwani ile ile ya IP, iliyoelekeza kwenye kampuni moja mjini Nashville. Angejisajili kwa jina la kubuni, namba hizo zisingeonekana hadharani. Kujisajili peke yake, basi, hakumfanyi mtu awe mkweli.

Mwaka 2006 kijana Aaron Swartz alichambua historia za makala kadhaa. Alikuta sehemu kubwa ya maelezo imeandikwa na watu waliochangia mara chache tu, wengi wao bila akaunti. Wazoefu walifanya zaidi kazi ya kunyoosha na kupanga.

Wikipedia ya Kireno, ikichoshwa na uharibifu, iliwafungia wasiojisajili Oktoba 2020. Ya Kijerumani ilikuwa imechagua njia nyingine tangu 2008: mabadiliko ya mgeni hayaonyeshwi kwa msomaji wa kawaida hadi mzoefu ayapitie.

Njia ya Wajerumani ndiyo ya haki zaidi. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ina wahariri wachache wa kudumu. Mvuvi wa Pemba anayejua jina sahihi la samaki asidaiwe akaunti kwanza, adaiwe ushahidi. Na kwa kuwa wakaguzi ni haba, ukaguzi uanzie kwenye makala za watu walio hai, ambako uongo mmoja unaweza kuharibu heshima ya maisha yote.