Amri ya Ng'ombe na Kura ya Wenyewe

Mwaka 1938 Serikali iliamuru ng'ombe wa Wakamba wapunguzwe kwa nguvu. Udongo wetu ulikuwa ukichukuliwa na mvua kweli, wala hilo hatulikani. Lakini aliyetoa amri hatukumchagua. Watu wakaenda Nairobi kwa wingi kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu, ingawa kabla ya mwaka kwisha Serikali iliacha kulazimisha. Kura ya kwanza ya Waafrika ilikuja Machi 1957, tena si kwa kila mtu. Tangu 2013, masoko na viwanja vya Emali vimo mikononi mwa Kaunti tunayoichagua. Basi wanaotuomba kura watuambie mapema ni vibanda vipi watakavyoviondoa.