Paa la Karavani na Majira ya Baridi

Karavani za Marekani, yaani nyumba ndogo za kukokotwa na magari zilizoenea katika miaka ya 1930, nyingi ziliezekwa kwa turubai lililotandazwa juu ya mbao na kupakwa rangi ili lisipitishe maji, rangi ambayo ilipasuka upesi jua na theluji vilipopokezana. Hawley Bowlus, mbunifu wa ndege zisizo na injini, alitumia alumini badala yake mwaka 1934, na Wally Byam akafuata mwaka 1936 kwa Airstream Clipper. Hata hivyo udhaifu ulihamia kwenye maungio, kwa kuwa kila tundu la ribiti lilikuwa mlango wa maji. Kazi ya kuyaziba ni ndugu wa kalafati, ufundi wa pwani ya Afrika Mashariki wa kushindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao za jahazi, ila jahazi halikujua barafu. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, hivyo tone lililojificha chini ya ukingo wa tundu la hewa huinua kizibo kidogo kidogo, usiku baada ya usiku, hadi mbao ya ndani ioze kimyakimya.

Mapaa ya mpira wa viwandani yalipoenea, fundi alipata uso usio na maungio mengi, lakini vizibo vingi vya mapaa hayo, chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, huwa vizito na havishiki vizuri. Ndiyo maana ukaguzi wa paa hufanywa kabla ya jalidi la kwanza.