Altare Ilipotengwa na Ukuta

Wengi hudhani kwamba kulikarabati kanisa ni kubadili mabati na kupaka chokaa. Historia yatuonyesha jambo zito zaidi. Kanisa la misheni ya Bagamoyo, lililojengwa kati ya 1910 na 1914, lilijengwa katika zama za Misa ya Kilatini. Zama hizo altare iliegemea ukuta, padre akasali akiwapa waumini mgongo.

Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao Kardinali Laurean Rugambwa, wakati huo Askofu wa Bukoba, alihudhuria, ulitoa hati ya Liturujia. Hati hiyo ilitaka waumini wasiwe watazamaji wanyamavu. Maagizo yaliyoanza kutumika tarehe 7 Machi 1965 yakaeleza kuwa yafaa altare itengwe na ukuta, padre apate kuizunguka na kuwaelekea watu. Kazi ikawaangukia waashi na maseremala: kuisogeza altare, kuiinua sakafu, kutafuta mahali pa kwaya na ngoma zake. Naam, ngoma, ile ile ambayo wamisionari wengi waliihesabu kuwa ya kipagani!

Lakini katika nchi nyingi nakshi za kale zilivunjwa kwa jina la Mtaguso, ilhali hati hiyo hiyo iliwaonya maaskofu wasiache vitu vya thamani vipotee. Kwetu sisi, ubao uliochongwa na fundi wa parokia ni maandishi yake, hata kama jina lake halikuandikwa popote. Wazee waulizwe kabla nyundo haijainuliwa. Wao ndio wajuao nani alichonga nini.